Unamaliza Chuo Julai? Anza Kugawa Vitu Kabla Hujafunga Begi

Ikifika wiki ya mwisho ya mitihani, mitaa inayozunguka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hubadilika sura. Msewe, Changanyikeni, Makongo, kote huko utakuta nje ya mageti ndoo zisizo na mifuniko, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba ya chandarua, na marundo ya madesa, yaani notsi za masomo. Jioni anapita mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni wake, anaondoka na feni na pasi. Vilivyobaki vinasubiri gari la taka, na vingi safari yake inaishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Miezi michache baadaye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anashuka stendi ya Mbezi na begi lake moja, kisha anakwenda dukani kununua ndoo mpya.

Mimi nilisoma hapo Mlimani, nikapanga Msewe, na baada ya kumaliza sikuhama mtaa. Ndiyo maana kila Julai wadogo zangu wanaoondoka hunibishia hodi na maswali yale yale: nani anataka godoro, sufuria nimpe nani, vitabu nivipeleke wapi. Wengi wao si wachoyo hata kidogo. Kinachowakwamisha ni kalenda. Anayetoa anaondoka Julai, anayehitaji anafika mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na katikati hapo hakuna wa kupokea. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwashangaza: tafuta pa kuweka vitu kabla hujamtafuta wa kumpa.

Pa kuweka huwa papo karibu kuliko unavyodhani. Wenye nyumba wengi huku wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima, kwa hiyo yupo mwenzako wa mwaka wa pili ambaye chumba chake kimelipiwa na kitakaa kimefungwa likizo nzima. Muulize mapema, wala usimwachie mzigo mlangoni siku unayopanda basi. Mimi mama mwenye nyumba wangu alinipa kona ya stoo kwa masharti mawili: kusiwe na chakula, kwa sababu ya panya, na kusiwe na mtungi wenye gesi. Masharti ya haki kabisa, na nimeyashika.

Hosteli za Magufuli pale chuoni zilipofunguliwa mwaka 2017 zilikuja na nafasi 3,840, lakini wanaopanga mtaani bado ni wengi, na kila mmoja wao anaanza geto, yaani chumba cha kupanga, na kuta nne tupu. Bumu la kwanza, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, mara nyingi halimkuti siku ya kuripoti. Wapo wanaobebwa hosteli, wawili kitanda kimoja, huku wakisubiri jina litoke kwenye orodha ya malipo. Mtu wa namna hiyo ukimpa vitu vinavyotumika siku hiyo hiyo, umemwokolea hela ya kula.

Nasema vinavyotumika siku hiyo hiyo kwa sababu kuna binti mmoja kutoka Kasulu alinifundisha jambo. Alikuja kwangu na rafiki yake, akanisalimia, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayeogopa kukichafua. Nikampa sufuria, ndoo, chandarua na jiko dogo la gesi. Akashukuru sana, akavipanga vizuri sakafuni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Samahani dada, na kifuniko chake?” Sufuria haikuwa na kifuniko. Tulipoangalia vizuri, jiko halikuwa na kile kichwa cha kuwashia, na chandarua hakikuwa na kamba hata moja. Aliyevitoa alikuwa ametoa kwa moyo mweupe, ila kila kitu kilikuwa nusu.

Tangu siku hiyo ninaomba vitu vikamilike. Ndoo ifungwe pamoja na mfuniko wake na kopo la kuogea. Chandarua kiviringishwe na kamba zake na misumari minne ndani ya bahasha. Godoro liende na shuka. Mtungi mdogo wa kilo 6 uende na kichwa chake, hata kama umeisha gesi. Anayeanza maisha kinachomshinda ni bei ya mtungi wenyewe, ukimpa mtupu anabaki na kazi ya kujaza tu. Na tafadhali usifikirie kuupakia kwenye buti ya basi la Mwanza ukiwa na gesi.

Sasa kunguni. Najua hakuna anayependa kulizungumzia, lakini lisiposemwa hapa litasemwa na mgongo wa mtu mwingine. Kabla ya kutoa godoro, vua foronya lake, kagua mishono na pembe zote kwa tochi ya simu. Ukiona vidoti vyeusi kama wino uliomwagika, au maganda membamba ya rangi ya kahawia, godoro hilo halitolewi. Watu huniambia wamelianika juani siku nzima. Jua la Dar ni kali, ndiyo, lakini kunguni anajichimbia ndani ambako joto halimfikii, akitoka usiku yuko mzima. Mashuka na mapazia yana nafuu: maji ya moto sana, jua, kisha pasi. Godoro lenye wadudu lichane kabisa kabla ya kulitupa, maana likiachwa zima nje ya geti litaokotwa kabla ya magharibi.

Vya umeme vichomeke mbele ya anayepokea. Birika lichemshe, feni izunguke, ekstensheni iguswe uone kama inapata moto. Waya uliochunwa na kufungwa kwa gundi usimpe mtu anayekwenda kulala peke yake kwenye chumba cha mbao.

Kuhusu kuuza au kugawa, mimi sina shida na kuuza. Friji, meza nzuri, kitanda cha chuma, hivyo uza. Nauli ya kwenda nyumbani nayo ni hela. Ila nimeona kituko kimoja kwenye magrupu ya darasa: ukiandika “bure”, watu ishirini wanasema “nimewahi”, na siku ya kuchukua haji hata mmoja. Ukiweka buku mbili, anakuja mmoja, na anakuja na bodaboda. Kama unataka kutoa bure, weka siku na saa, na useme wazi kwamba asipofika Ijumaa jioni anapewa wa pili. Usione aibu kuwa mkali kidogo.

Kama hujui umpe nani, waulize wanaojua. Vikundi vya dini pale chuoni vinawafahamu wanaokuja mikono mitupu, na CR, yaani mwakilishi wa darasa, pia anajua. Dada wa usafi wa hosteli yako anajua kuliko wote, na yeye mwenyewe ana watoto wa shule. Muulize yeye kwanza, kwa heshima, si kwa kumtupia mabaki. Makao ya watoto, kama Makao ya Taifa ya Kurasini, piga simu kabla ya kwenda, uulize wanahitaji nini mwezi huo. Mashuka, sabuni na madaftari huwa na kazi. Suti uliyovalia presentesheni na viatu vya mchuchumio peleka kwingine. Akina mama wa mali kwa mali watakubadilishia kwa beseni, na mama yako nyumbani atalifurahia. Na picha ya mtoto ameshika ndoo yako usiiweke kwenye status.

Madesa ndiyo mtihani mgumu. Kila anayemaliza anaamini ya kwake ni dhahabu. Mengi yamepitwa na wakati, mhadhiri keshabadilisha nusu ya mada. Yale mazuri yapige picha, yageuze PDF, umpe mmoja wa mwaka wa pili ayasambaze. Koti la maabara na kikokotoo cha kisayansi havizeeki, hivyo vina wapokeaji hata kabla hujatangaza. Karatasi zilizobaki anaweza kuchukua muuza karanga wa pale kituoni, lakini zipekue kwanza. Niliwahi kufungua karanga za mia mbili nikakuta kopi ya kitambulisho cha NIDA cha mtu, namba yote inasomeka, na nusu ya fomu ya mkopo. Chochote chenye namba ya usajili, matokeo au sahihi ya mzazi, chana vipande vidogo.

Mwishoni kitabaki kirundo kidogo ambacho hakina wa kukitaka: chupa, soli, ndoo iliyopasuka chini. Ulizia siku ya gari la taka mtaani kwenu, lipa ada ya mwezi huo, uvitoe asubuhi hiyo hiyo. Ukiondoka kabla ya siku yake, mwachie jirani hiyo hela mkononi, si ahadi ya kutuma kwa simu.