"Narrate" si "simulia" moja kwa moja: kwa mnaoanza kutafsiri

Nilipoanza kazi ya tafsiri, ripoti yangu ya kwanza ilirudi na sentensi moja imezungushiwa wino mwekundu: "The witness narrated me what happened." Mhariri hakuandika maelezo yoyote. Nilitafuta kosa kwenye tahajia, nikatafuta kwenye wakati wa kitenzi, nisilione. Kumbe kosa lilikuwa "me", na lilitoka kwenye Kiswahili changu mwenyewe. Tangu hapo nimeliona kwenye kazi za wengi wanaoanza, wakiwemo wanaojua Kiingereza vizuri sana.

Kitazameni kitenzi chetu. Tunaposema "alinisimulia", msikilizaji yumo ndani ya neno lenyewe, ndiye huyo "-ni-". Hata mwisho wa "-ia" una umbo la kauli ya kutendea. Masimulizi kwetu yana mtu anayesimuliwa, na sarufi imemwekea nafasi. "Narrate" haina nafasi hiyo. Baada yake kinakuja kisa chenyewe, na msikilizaji akitajwa hutanguliwa na "to": "She narrated the story to me." Kitenzi cha Kiingereza kinachompokea msikilizaji moja kwa moja kama chetu ni "tell": "She told me the story."

Kwenye kauli ya kutendwa kosa huwa baya zaidi, kwa sababu maana yote inageuka. "Nilisimuliwa" ni Kiswahili safi. Ukiandika "I was narrated", umesema kwamba wewe ndiwe kisa kilichosimuliwa. Andika "I was told". Vilevile, kwa kuwa tumezoea "kusimulia kuhusu ajali", mkono unataka kuandika "narrated about the accident". Hiyo "about" iondoeni. Ajali inakifuata kitenzi bila kihusishi. Ukitaka kueleza jinsi mambo yalivyokwenda, tumia "how": "He narrated how the boat sank."

Sasa, je, mkitumie kitenzi hiki mara ngapi? Kwa maoni yangu, mara chache kuliko mnavyodhani. "Narrate" ni neno zito, la maandishi rasmi na la kazi maalumu, kama ile ya msomaji anayetoa sauti kwenye filamu ya wanyama au kitabu cha kusikiliza. Linataka matukio yanayofuatana. Maoni ya mtu hayasimuliwi kwa "narrate", wala utani, wala uongo. Vyote hivyo ni "tell" au "say". Bibi akiwapa wajukuu hadithi, "tell" inatosha na inapendeza zaidi. Hata kwa Waingereza neno hili lilichelewa kukubalika: Samuel Johnson, kwenye kamusi yake ya 1755, aliliandika kuwa ni neno linalotumika Scotland tu. Mzizi wake ni wa Kilatini, una undugu na neno lenye maana ya kujua.

"Tell" ina asili nyingine kabisa, nami huwa napenda kuwaeleza wanafunzi. Zamani ilimaanisha kuhesabu, na ndiyo maana karani wa benki anayehesabu fedha bado anaitwa "teller". "Recount" nayo, kitenzi kingine cha kusimulia kilichopitia Kifaransa, imetoka kwenye familia ya kuhesabu. Mwenye kusimulia alionekana kama mtu anayeyapanga matukio moja baada ya jingine. Mkiikuta "recount" kwenye habari za uchaguzi, hapo kura zinahesabiwa upya, si kisa kinachosimuliwa. Tafsiri nyingi zimeharibika hapo.

Matamshi ni jambo dogo: Waingereza hukazia silabi ya mwisho ya "narrate", Wamarekani wengi hukazia ya kwanza. Chagueni mojawapo.

Lililonichukua miaka kulielewa ni "-ka-". Kitenzi kimoja kikishafungua kisa, Kiswahili huendelea: "Alifika, akaketi, akaomba maji, akanyamaza." Kila "-ka-" inasukuma kisa mbele. Anayeanza hutafsiri kila moja kwa "and then": alifika and then akaketi and then akaomba. Kwa Kiswahili ni mtiririko mtamu, kwa Kiingereza inasikika kama mtoto anayehema. Kiingereza hutumia wakati uliopita wa kawaida na kuuachia mpangilio wa maneno kazi yote: "He arrived, sat down, asked for water and fell silent." Hakuna "then" hata moja, na msomaji hapotei.

Zoezi ninalowapa wote ninaowafundisha ni hili. Mrekodini mtu mzima anayejua kusimulia, kwa ridhaa yake. Andikeni dakika mbili za maneno yake kama alivyoyasema, halafu tafsirini, na mjiruhusu "then" moja tu. Itawalazimu kuitafuta sehemu moja ambapo msimulizi alipumzika kweli, au ambapo muda mrefu ulipita kati ya tukio na tukio. Hapo ndipo iwekeni.