Zuio la mume nililipata Moshi bila alama mwilini

Dada uliyeuliza kama mahakama inaweza kumzuia mume asikusogelee hata kama hajakupiga: inaweza. Mimi nililipata hapa Moshi, na mwilini sina hata kovu.

Wanaokutajia "amri ya ulinzi" wanakupa sheria ya Kenya ya 2015. Huko vitisho, kufuatwafuatwa na hata unyanyasaji wa kiuchumi vinahesabika, na si lazima uwe unadai talaka. Sisi Tanzania hatuna sheria ya namna hiyo. Chetu ni kifungu cha 138 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: mahakama inaweza kumwamuru mtu aache kumganda mwenzake na kumbughudhi, ila shauri la ndoa liwe linaendelea, au ndoa iwe imeshabatilishwa, mmetenganishwa au mmepeana talaka. Hapo ndipo nilipokwama. Nilikwenda kuomba zuio peke yake, karani akaniuliza, "Shauri la msingi liko wapi, mama?" Nikarudi nikaanzia baraza la usuluhishi la kata, vikao vitatu, ndipo nikafungua talaka. (Mahakama ikiridhika kuna mazingira ya kipekee, baraza unaweza kuliruka. Mimi sikuambiwa.)

Siku ya maombi hakimu alitaka tarehe. Bahati nilikuwa na daftari la madeni la genge langu la Mbuyuni. Chini ya "Mama Jeni, nyanya 2,000" nimeandika: "Alhamisi saa sita usiku. Kapiga geti, katukana, kavunja kioo chumba cha watoto." Alisoma kurasa nne taratibu, madeni na yote, nadhani akitazama kama wino ni wa siku moja. Mpangaji mwenzangu akaja kuthibitisha usiku wa kioo. Meseji za vitisho nilizitoa kwenye karatasi pale kijiwe cha bodaboda, kuna stationari.

Ukipigwa, hiyo ni jinai, njia nyingine kabisa: dawati la jinsia polisi, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa), hospitali, na usisubiri uvimbe ushuke. Wazee wa ukoo wakikwambia mke huchapwa, wasomee kifungu cha 66; hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Wa kwetu walibisha hadi chai ikapoa.

Nakala ya amri nilimpa mwenyekiti wa mtaa siku ileile. Bwana alirudi mara moja, Jumapili. Akamkuta mwenyekiti kibarazani, akasalimia, akageuza pikipiki.