Maswali ya Wasomaji: Theluthi ya Wanawake, Mchujo na Orodha za Vyama

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Mbona Bunge la Taifa halijawahi kutimiza? Tumeanza na hilo, kisha tukaingia kwa wale wanaotaka kugombea 2027 na wanataka kujua pa kuanzia.

SWALI: Bunge letu la kaunti lina wanawake wa kutosha, Bunge la Taifa halina. Sheria si ni moja? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kanuni ni moja, lakini kaunti ilipewa njia ya kuitekeleza na Bunge la Taifa likaachwa hivi hivi.

Chukua kaunti yenye wadi 30. Tuseme wanaume wameshinda wadi 27 na wanawake 3. Kifungu cha 177 kinataka viongezwe viti maalum hadi jinsia moja isizidi theluthi mbili. Ukiongeza wanawake 10, bunge linakuwa na watu 40, na wanaume 27 bado wamezidi. Ukiongeza 11, jumla ni 41, wanawake ni 14, na hapo hesabu imekaa sawa. (Viti vya vijana, walemavu na makundi yaliyotengwa tumeviacha kando ili hesabu isichanganye.) Hakuna anayeombwa ridhaa. Tume ya uchaguzi, IEBC, inapiga hesabu baada ya matokeo na kuchukua majina kwenye orodha za vyama.

Sasa nenda Kifungu cha 97. Wabunge wa maeneo bunge 290, Wawakilishi wa Wanawake 47 (mmoja kila kaunti), walioteuliwa na vyama 12. Jumla 349, imefungwa, haina mlango wa kuongeza mtu. Theluthi ya 349 ni 117. Mwaka 2022 wanawake walioshinda maeneo bunge walikuwa kama 30. Jumlisha na 47 upate 77. Hata vyama vyote vingejaza zile nafasi 12 kwa wanawake watupu, ungefika 89. Pengo ni viti 28, na hakuna kifungu cha kuliziba.

Kwa hiyo kila mara unaletwa mswada wa kurekebisha Katiba, na mswada wa namna hiyo unahitaji kura 233. Februari 27, 2019, siku ya kuupigia kura, wabunge waliokuwa ukumbini walikuwa 174. Mswada ukafa kwa kukosa watu. Tazameni ujanja huo: anayepiga kura ya "la" jina lake linaandikwa na wanawake wa kwao watamuuliza, lakini aliyebaki kantini hana rekodi. Kwa maoni yetu mswada huu haujawahi kushindwa kwa hoja. Umeshindwa kwa viti vitupu.

Mahakama zimesema mara nyingi. Desemba 11, 2012, Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba kanuni itekelezwe hatua kwa hatua na sheria iwe tayari kufikia Agosti 27, 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga wenzake; aliona ilipasa kuanza na uchaguzi wa 2013. Bunge likajiongezea mwaka mmoja, nao ukapita. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikalipatia Bunge siku 60, zikapita pia. Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge, kama Kifungu cha 261 kinavyoelekeza. Ushauri ukasimamishwa mahakamani, na Bunge likamaliza muhula wake kwa raha zake.

SWALI: Hivi viti vya bure vinatupa nini zaidi ya mishahara mipya? – Mlipa kodi, Eldoret

JIBU: Swali la gharama ni halali, ila umeligeuzia mtu asiyehusika. Rudi kwenye ile kaunti ya wadi 30. Wanawake wakishinda wadi 10 badala ya 3, viti maalum vya jinsia vinavyohitajika ni sifuri. Si kumi na moja, sifuri. Bili hiyo basi huandikwa miezi kadhaa kabla, siku ya mchujo, chama kinapowapa wanaume tiketi kwenye wadi zote zenye uhakika na kumwachia mwanamke ile ambayo chama hakijawahi kushinda.

Na wapiga kura si wagumu kama vyama vinavyodai. Magavana wanawake walikuwa sifuri 2013, watatu 2017, saba 2022. Gladys Wanga wa Homa Bay alitoka kwenye kiti cha Mwakilishi wa Wanawake. Fatuma Achani wa Kwale alikuwa naibu gavana kwa mihula miwili kabla ya kuomba kiti chenyewe. Susan Kihika wa Nakuru alianza kama spika wa bunge la kaunti, akapita Seneti. Anayeonekana kazini huchaguliwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma, nataka kugombea uwakilishi wadi 2027. Nipite chamani au niwe mgombea huru? Nina akiba kidogo. – Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu, kabla ya chama anza na kalenda. Uchaguzi huangukia Jumanne ya pili ya Agosti, yaani Agosti 10, 2027. Mtumishi wa umma anatakiwa awe amejiuzulu miezi sita kabla, na mwajiriwa wa TSC, tume inayoajiri walimu, yumo. Kwa hiyo barua yako iwe imepokelewa, na nakala yako imegongwa muhuri, kabla ya Februari 10. Usiiache hadi wiki ya mwisho; barua iliyofika ofisini lakini haina muhuri wa tarehe imeshawasumbua watu wengi. Piga pia hesabu ya maisha bila mshahara kwa nusu mwaka. Hiyo ndiyo gharama kubwa kwako kuliko mabango.

Ukiamua kuwa mgombea huru, usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, yaani ujitoe kabla ya Mei 10. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, sasa hivi uangalie kama umesajiliwa chama. Usicheke: Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Ukijikuta humo, jiondoe na uhifadhi uthibitisho.

Mgombea huru wa wadi anahitaji wapiga kura 500 wa wadi hiyo hiyo wamuunge mkono. Kusanya 700. Kuna watakaoandika namba ya kitambulisho vibaya, kuna watakaotia sahihi mara mbili kwa mapenzi tu, na kuna jirani unayemwamkia kila asubuhi ambaye kumbe alijiandikisha kura wadi ya pili, kule alikozaliwa. Ukipeleka 500 kamili na 20 wakakatwa, huna kitu. Mpe kila anayekusanya sahihi karatasi zenye mistari ya namba, aandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. "Mama Kadzo" hatambuliki na tume.

Ada ya IEBC kwa kiti cha wadi imekuwa shilingi 5,000, na mwanamke hulipa nusu, 2,500. Kinachowaumiza watu ni ada ya chama, ambayo kila chama hujipangia, na mara nyingi hairudishwi hata ukibwagwa kwenye mchujo. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi mambo mawili: mchujo utakuwa wa kura ya wanachama au wa "makubaliano", na je, mwanamke anapunguziwa ada? Neno makubaliano likitamkwa mapema, jua mara nyingi kuna wazee wameshakubaliana, na hukuwa kwenye kikao.

Tungekuwa wewe, kwa akiba ndogo tungekwenda chamani iwapo tu chama kina nguvu wadini kwako na mchujo ni wa kura. La sivyo, uhuru.

Akiba yako isiishie kwenye fulana na leso. Weka fungu la mawakala na usiliguse. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo wadi ya wapiga kura 14,000 ina vituo visivyopungua 20, na kila kituo kinataka wakala wako. Karatasi ya matokeo ya kiti chako kituoni ni Fomu 36A. Kura za urais huhesabiwa kwanza, kwa hiyo yako inaweza kufika saa nane au tisa za usiku, wakala akiwa ameshaondoka kutafuta chai. Mpe chakula cha kubeba, maji, kalamu, tochi na nauli ya kesho yake. Akague tarakimu, atie sahihi na aondoke na nakala mkononi. Bila nakala za 36A huna cha kupeleka mahakamani.

SWALI: Chama kiliniahidi kiti maalum cha kaunti nikaacha kugombea wadi. Orodha ilipotoka jina langu lilikuwa limeshuka hadi namba 9. Nifanyeje? – Mwanachama aliyechoka, Busia

JIBU: Pole, dada. Umekutana na mlango mwembamba kuliko yote katika siasa za wanawake wa Kenya.

Kwanza namba. Viti maalum hugawanywa kulingana na wadi ambazo kila chama kimeshinda. Kaunti yetu ya mfano ilihitaji viti 11. Chama kilichoshinda nusu ya wadi kitapata 5 au 6, na tume huchukua majina kwa mpangilio ule ule chama kilioandika. Namba 4 ni mheshimiwa, namba 9 ni mpiga makofi. Faraja ni ndogo: orodha hudumu muhula mzima na haibadilishwi, kwa hiyo nafasi ikiachwa wazi kwa kifo au kujiuzulu, huingia anayefuata.

Orodha hupelekwa IEBC siku 45 kabla ya uchaguzi. Kwa 2027 hiyo ni Juni 26. Vita vyako viishe kabla ya hapo, kwa sababu kila hatua baadaye ni ghali na ngumu zaidi.

Andika barua kwa bodi ya uchaguzi ya chama, ambatisha fomu uliyojaza na risiti, na nakala yako igongwe "imepokelewa". Usiridhike na ujumbe wa WhatsApp wa katibu unaosema "tunalishughulikia". Barua hiyo ni ufunguo: Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa litakuuliza kwanza ulijaribu nini ndani ya chama, na ukiwa mikono mitupu litakurudisha ulikotoka. Orodha ikishachapishwa na tume, unaweza kulalamika mbele ya kamati yake ya mizozo, ambayo hutakiwa kuamua ndani ya siku 10.

Majina yakishatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mlango umebadilika. Mahakama ya Juu ilishasema, katika kesi ya Mwicigi, kwamba aliyetangazwa gazetini hung'olewa kwa kesi ya uchaguzi peke yake. Una siku 28 za kuifungua mahakama ya hakimu, na dhamana ya shilingi 100,000 ndani ya siku 10 baada ya kuifungua. Wengi huendelea kusubiri chama "kirekebishe" hadi siku 28 zinaisha. Chama hakiwezi tena kurekebisha, hata kikitaka.

Na ahadi ya "usigombee, tutakuweka kwenye orodha" ikija tena, omba namba yako kwa maandishi. Wakikataa kuandika, gombea.

SWALI: Mwakilishi wa Wanawake ana kura sawa na mbunge wa kawaida? – Mwanafunzi, Machakos

JIBU: Sawa kabisa, na mshahara ni ule ule. Tofauti iko kwenye mfuko. Mbunge wa eneo ana NG-CDF, fedha za maendeleo za eneo bunge moja; Mwakilishi wa Wanawake ana NGAAF, mfuko wa serikali wa kuinua makundi yaliyotengwa, ulioanzishwa 2015, na anatarajiwa kuonekana kaunti nzima. Ndiyo maana watu humwona hafanyi kazi: ana eneo la wabunge sita au kumi na wawili, na bajeti isiyolingana.

SWALI: Sisi Tanzania tuna viti maalumu tangu zamani na Bunge letu lina wanawake wengi kuliko la Kenya. Si mngeiga tu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa idadi, mmetuacha mbali. Katiba yenu inataka viti maalumu visipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, na chama hupata mgawo kwa kura za ubunge, mradi kimefikisha asilimia 5 ya kura halali. Hakuna anayesubiri mswada.

Kasoro iko kwingine. Waziri Mkuu lazima atoke kwa wabunge wa majimbo, kwa hiyo wa viti maalumu amekatwa ngazi ya juu tangu siku anaapa. Tena kiti kimefungwa kwenye chama: anayepoteza uanachama, kwa maandishi ya Katiba, hupoteza ubunge. Mmeona wenyewe sakata la wale wanawake 19 wa viti maalumu wa CHADEMA walioapishwa Novemba 2020, chama kikawafukuza, nao wakabaki bungeni muhula wote huku kesi zikiendelea. Nusu ya watu waliwaita wasaliti, nusu mashujaa, na hakuna mpiga kura aliyekuwa na njia ya kuamua. Tungeiga hesabu yenu, siyo kufuli lake.

SWALI: Natukanwa mitandaoni na vijana wa mpinzani wangu, na wamesema watanivua nguo mkutanoni. Polisi walinicheka. – Jina limehifadhiwa

JIBU: Rudi kituoni na mtu wa pili, ikiwezekana wakili au mhudumu wa shirika la haki, na usitoke bila namba ya OB, daftari la matukio la polisi. Bila hiyo, kesho watasema hukufika. Ukishaguswa mwilini, chukua fomu ya P3, ya polisi ya kurekodi majeraha, na ijazwe hospitalini mapema, kabla michubuko haijapona. Kisha andikia IEBC: kila mgombea na chama chake wanafungwa na kanuni za maadili ya uchaguzi, na vitisho ni kosa pia chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Taja jina la mgombea anayenufaika, si la vijana peke yao, kwani tume ina nguvu juu yake. Ule ujumbe wa matusi usiufute kwa hasira. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, mtumie mtu unayemwamini, ndipo umzuie aliyeutuma.