Shangazi, mtoto akiona kitanda anapiga mayowe

"Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miezi 9. Alikuwa akilala saa 2 usiku bila matata. Sasa ni wiki mbili, nikimlaza tu anapiga mayowe kama aliyemwagiwa maji moto. Nikimwinua ananyamaza, nikimrudisha anaanza upya, mpaka saa 5. Tunaishi chumba kimoja na jirani hugonga ukuta. Nafanya kazi dukani mjini. Naondoka saa 11 na nusu alfajiri, kimyakimya kama mwizi asije akaamka, narudi saa 2 kasorobo. Dada humlaza saa 11 jioni apate kupika. Mume wangu anasema tumwache alie achoke. Mama mkwe anasema ametupiwa jicho. Mwenzangu kazini ananiambia nimpe Piriton kidogo. Juzi nilimshika kwa nguvu hadi nikajiogopa.
Mama Asiyelala, Umoja"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana naona uliliandika kwa haya. Umeamka alfajiri, umesimama dukani kutwa, umeganda kwenye foleni ya Jogoo Road, kisha unapigiwa kelele sikioni hadi usiku wa manane. Nani asingekaza mkono? Ila hasira ikipanda tena, mlaze chali kitandani pake, ondoa mito, mpe baba yake zamu, nawe utoke kwenye korido upumue. Baba asipokuwepo, toka vilevile, dakika tano tu. Kilio hakitamuua. Kumtikisa kunaweza, kwa sababu shingo yake bado haijakaza na ubongo ni mwororo, na mtikiso wa sekunde chache unaweza kumvujisha damu kichwani.

Sasa mayowe yenyewe. Kule kunyamaza akiinuliwa kunanipa moyo. Mtoto anayeumwa sikio hulia hata begani kwa mama, hulivutavuta sikio, na akilazwa chali maumivu huzidi. Hata hivyo mpime joto. Kama amechanjwa surua ile ya miezi 9, homa inaweza kuja kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya sindano. Akiwa na homa isiyoshuka, akikataa kunyonya, akitapika, au akilia hata ukimbeba, mpeleke kliniki na kijitabu chake, usingoje majibu ya Shangazi.

Lakini kilichonikaa moyoni ni lile neno ulilolipitisha haraka: kama mwizi.

Mtoto wa umri huu amegundua jambo kubwa. Zamani kijiko kikianguka chini ya kitanda, kwake kilikuwa kimekwisha. Sasa anainama kukitafuta. Nawe vilevile: anajua kwamba usipoonekana bado upo mahali fulani. Kitu ambacho hajakijua ni kwamba utarudi. Kila siku anafumba macho ukiwa kando yake, akiyafumbua anamkuta dada. Ungekuwa wewe, ungekubali kufumba macho tena?

Kwa hiyo acha kutoroka. Najua ni alfajiri na matatu haikungoji, lakini muamshe dakika kumi kabla, mnyonyeshe, mwambie "mama anaenda kazini, atarudi jioni", mkabidhi dada mkononi, kisha toka bila kurudi nyuma. Atalia, na siku za kwanza utasikia kilio hicho hadi kituoni. Mpigie dada simu ukishapanda gari. Mara nyingi utaambiwa amekwisha nyamaza na anacheza na sufuria. Jumamosi na Jumapili jifunike leso usoni, ujifunue, "mama yuko wapi? Huyu hapa!", hata mara hamsini. Mchezo huo ndio somo lenyewe. Ukienda bafuni mwimbie ukiwa huko huko ndani, asikie sauti hata kama haoni mtu.

Ule usingizi wa saa 11 jioni nao unakuponza. Mtoto aliyeamka saa 12 na nusu hana haja ya kitanda saa 2. Zungumza na dada kwa upole (naye anahitaji mikono miwili ya kupikia, usimfokee): amlaze mapema alasiri, na jioni ambebe mgongoni akikatakata mboga mbali na moto, au apike mchana. Shirika la Afya Duniani linataja jumla ya saa 12 hadi 16 za usingizi kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, pamoja na ule wa mchana, kwa hiyo usimnyime, usogeze tu.

Ukifika, usianze na vyombo. Kaa naye sakafuni kwanza, maana amekungoja kutwa. Kisha mambo yaleyale kila usiku, kwa mpangilio uleule: kuoga, kunyonya, televisheni kuzimwa, taa hafifu, wimbo mmoja, hata wa kwaya ya kanisani kwenu. Akilia ukimlaza, inama, mpapase tumbo, msemeshe kwa sauti ya chini. Akizidisha, mbebe, akitulia mrudishe. Wiki ya kwanza ni ya mgongo kuuma, sikufichi.

Mume wako anataka mumwache alie achoke. Kwenye chumba kimoja, mtamwachia wapi? Mpe yeye zamu ya kumpapasa usiku mmoja, halafu tuone nani atachoka wa kwanza. Piriton hapana kabisa: ni dawa ya mzio, na kwa mtoto mdogo inaweza kudhoofisha pumzi. Yule mwenzako alikutakia mema lakini alikosea. Mama mkwe naye usishindane naye. Mwambie "asante mama, tuombee", akitaka kumfunga uzi mkononi usigombane kwa hilo, ila dawa ya miti isipite mdomoni mwa mtoto.

Na huyo wa kugonga ukuta, Jumamosi mbishie hodi ukiwa na mtoto. Mwambie mwanao anapitia kipindi kigumu na mnajitahidi. Mpe ambebe kidogo.