Bastola ya chuma au ya polima?

Ndugu uliyeuliza uchukue 1911 ya chuma (bastola ya muundo wa zamani wa Colt) au Glock 17 ya polima, yaani fremu yake ni plastiki ngumu, kwanza jiulize utaibeba au ni ya kulenga shabaha tu. Ile 1911 bila risasi inacheza kwenye kilo 1.1 na magazini yake ya kawaida ya .45 (huo ni ukubwa wa risasi, kama ile 9mm) inachukua risasi 7, wakati Glock ya 9mm inachukua 17 na bila magazini haifiki gramu 700, kiunoni kutwa nzima utaiona tofauti. Ila chuma kina raha yake bana, ule uzito unameza mtikisiko, bastola hairuki sana mkononi, na traiga inarudi nyuma moja kwa moja, fupi, safi, hapo polima bado haijaifikia kwa kweli. Shida ni jasho, usipoipangusa na kuipaka oili kutu inaanza. Glock fremu yake haishiki kutu lakini haina kile kitufe cha usalama cha pembeni, ukivuta traiga na risasi iko chemba, yaani tayari imeingia kwenye mtutu, imetoka hiyo, kwa hiyo kidole kikae nje mpaka umeamua kufyatua. Ya kubeba mimi ningechukua polima, ila zote mbili zijaribu kwanza kabla hujatoa hela.