Usizibe nyufa za nguzo kwa plasta

Juzi dada mmoja wa Bukoba amenitumia picha ya nguzo yenye ufa wa mshazari chini kidogo ya boriti. Anauliza, "Fundi, nikipiga plasta si inatosha?" Swali hilo limeniuma, maana mwaka 2016 jibu langu lilikuwa ndiyo.

Lile tetemeko la Jumamosi alasiri, 10 Septemba, kipimo 5.9, liliacha Kagera nzima inatafuta mafundi. Mzee mmoja mwenye ghorofa la maduka aliniita. Nikaziba nyufa, nikapaka rangi, nikalipwa. Miaka mitatu baadaye nikarudi kupitisha bomba, nikabandua plasta yangu mwenyewe. Ufa ulikuwa palepale, msumari unazama nusu. Ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo, ziko kila sentimita 25, ncha zimekunjwa nyuzi 90 tu. Zege la nje likimeguka, ringi ya namna hiyo hufunguka na nondo zikapinda kama mabua.

Nilimwambia, "Mzee, nilikosea. Nguzo hizi zivikwe koti la zege, yaani zizungushiwe zege jipya lenye nondo." Akanijibu, "Unataka kunila mara mbili." Kazi akampa mwingine, aliyepiga plasta tena. Mpaka leo nikipita pale natazama pembeni.

Koti nilikuja kulivika kwenye jengo la mteja mwingine, kwa michoro ya mhandisi, na najivunia kila nguzo. Kwanza tuliegemeza slebu, ile sakafu ya zege ya juu, kwa mirunda. Tukakwangua zege la zamani mpaka kokoto zikaonekana, tukatoboa slebu ili nondo mpya zipite moja kwa moja hadi juu, maana koti linaloishia chini ya slebu haliongezi nguvu pale panapovunjika. Ringi kila sentimita 10, ncha nyuzi 135 kuelekea ndani. Kisha zege, unene wa sentimita 10 kila upande.

Ndugu zangu wenye majengo, acheni kuogopa gharama kuliko mnavyoogopa kuzika watu! Kama chini ni maduka yaliyo wazi na juu kuta zimejaa, mtikisiko wote unaishia kwenye nguzo za chini. Ukiimarisha upande mmoja tu, jengo litajisokota. Plasta haibebi kitu. Narudia, plasta haibebi kitu.

Dada, bandua plasta kidogo kwenye huo ufa, pima umbali wa ringi, umwite mhandisi akupigie hesabu. Wapangaji wa chini wahamishe kwanza.