"Run" si kukimbia tu

Ndugu, umeuliza kwa nini sentensi "she runs the shop" haihusu kukimbia. Hapo "run" ni kuendesha: yeye ndiye anayeendesha duka. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wameorodhesha maana 645 za kitenzi hiki peke yake, kikalipita neno "set" lililoongoza kwa wingi wa maana katika toleo la 1989. Usijaribu kuzikariri! Tazama kwanza ni nani au nini kinachotenda. Mto ukirun unatiririka, pua inatoa kamasi, rangi ya kitenge inachuja, mwanasiasa anagombea (Waingereza kwa hili husema zaidi "stand").

Visawe navyo vina mipaka. "Manage" inafaa kwa duka, "flow" kwa mto, ila huwezi kutumia moja mahali pa nyingine.

Penye hatari zaidi ni vile vineno vinavyofuata. "Run out of sugar" ni kuishiwa sukari, "run into" mtu ni kukutana naye bila kutarajia, lakini "run over" ni kumkanyaga kwa gari. Basi jifunze kila kineno pamoja na kitenzi chake, kama neno moja.